Mzunguko wa Bourton, Naunton na Slaughter mbili: namna ya kuutembea kwa siku moja

Mzunguko huu unaanzia na kuishia Bourton-on-the-Water, kijiji cha kaunti ya Gloucestershire katika vilima vya Cotswolds, Uingereza. Unakwenda magharibi kwa njia iitwayo Windrush Way, unaingia Naunton, kisha unarudi kwa Wardens' Way kupitia Upper Slaughter na Lower Slaughter. Ni takriban kilomita 17. Hakuna mlima wa kutisha, na mtu mwenye afya ya kawaida anaumudu. Kinachoharibu siku si miguu. Ni kujikuta katikati ya shamba la mtu, geti halionekani, huku ulikuwa na hakika kwamba unafuata njia.

Hilo hutokea kwa sababu mashambani Uingereza unachoruhusiwa kukanyaga ni njia yenyewe, si shamba zima. Ardhi ina mwenyewe. Haki ya kupita ni ya umma, nayo imeandikwa kwenye ramani rasmi za kila kaunti chini ya sheria ya mwaka 1949. Mara nyingi chini hakuna alama yoyote: njia ni mstari tu kutoka geti hili hadi geti lile, ukikata nyasi au ngano. Basi kazi ya siku nzima ni moja. Kila unapofika kwenye mpaka wa shamba, ujue mstari unatokea wapi upande wa pili kabla hujapiga hatua.

Ramani kwanza

Chukua ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, iitwayo Explorer OL45, yenye kipimo cha 1:25,000. Usichukue ile ya 1:50,000, kwa kuwa haionyeshi mipaka ya mashamba. Kwenye Explorer kila ua na kila ukuta wa mawe ni mstari mwembamba mweusi, na hicho ndicho unachohitaji: kujua kama njia inapita kushoto au kulia kwa ua. Ukikosea upande, unaweza kutembea nusu kilomita sambamba na njia halisi bila pa kuvukia.

Vistari vifupi vya kijani ni njia ya waenda kwa miguu. Vistari virefu vya kijani ni njia inayotumiwa pia na wapanda farasi na baiskeli. Njia ndefu zenye majina, kama Windrush Way, zina almasi ndogo za kijani. Vistari vyeusi ndivyo vinavyowaponza wageni. Vinaonyesha kwamba kuna kijia ardhini, lakini peke yake havikupi haki ya kukipita. Kwenye nguzo na mageti, mshale wa njano ni njia ya miguu na wa bluu ni wa wapanda farasi.

Pima safari kwa uzi. Ulaze juu ya njia ukifuata kila kona, kisha unyooshe kwenye rula: sentimita 4 ni kilomita 1, kwa hiyo mzunguko wote ni kama sentimita 68. Kadiria kilomita 4 kwa saa, si 5, kwa sababu mageti na matope hula muda, na uongeze dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Pamoja na chakula na kusimama, tenga saa sita. Mwishoni mwa Juni mwanga upo hadi karibu saa tatu na nusu usiku, hivyo huna haraka. Katikati ya Desemba jua linazama karibu saa kumi alasiri. Hapo Naunton iache, nenda Slaughter mbili tu na urudi.

Anza na upande mgumu

Wengi hupenda kuanza na vijiji. Afadhali kinyume chake. Windrush Way haipiti kijiji chochote kati ya Bourton na Naunton: hakuna duka, hakuna choo, ni mashamba, vichaka na bonde la mto Windrush. Kuusoma mstari huko kunataka akili iliyo macho. Wardens' Way ina vijiji, na kipande chake cha mwisho ni rahisi mno. Ukikiweka mwisho, miguu iliyochoka inakutana na njia nzuri, na ukizidiwa ukiwa Lower Slaughter umebakiwa na kilomita 2 tu.

Ondoka Bourton kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Baa za vijijini mara nyingi hufunga jiko saa nane au saa nane na nusu mchana, na Naunton ndipo pa kula. Hakikisha siku hiyo wamefungua, na beba mkate na maji lita moja na nusu kwa kila mtu hata hivyo.

Kutoka kijijini lazima uvuke barabara ya A429. Hii ni Fosse Way, barabara ya Warumi, na imenyooka kama Warumi walivyoiacha, kwa hiyo magari yanakuja kwa kasi. Tazama kulia kwanza, maana huko wanaendesha kushoto. Popote utakapolazimika kutembea kwenye barabara isiyo na njia ya pembeni, kaa upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia.

Bondeni una msaidizi asiyedanganya. Windrush hutiririka kutoka Naunton kwenda Bourton. Ukichanganyikiwa, tazama maji: yakija yakikuelekea, unakwenda sawa. Angalia jambo moja zaidi: Windrush Way haiingii Naunton, inaipita upande wa kusini. Utahitaji njia ya kuunganisha inayoteremka kijijini. Itie alama ya penseli ukiwa nyumbani, kwa kuwa ni rahisi sana kuipitiliza mazungumzo yakinoga.

Kusoma shamba

Ukifika getini, simama. Kamata ukingo wa mbele kwa macho: tafuta geti lingine, pengo kwenye ua, nguzo yenye mshale, au kivukio, yaani vibao viwili vitatu vya kukanyagia ili uruke uzio. Usipoona kitu, elekeza ramani kwa dira, chagua mti au mnara wa kanisa ulio kwenye mstari wako, na uufuate huo. Usifuate alama za matairi ya trekta. Zinavutia kwa sababu ni pana na safi, lakini zinakwenda kwa mkulima, na wewe huendi huko.

Penye majengo ya shamba ndipo mishale hujificha, nyuma ya trela au chini ya majani. Hapo punguza mwendo, tembea kufuata ramani, na usikubali kona hadi uone alama.

Shamba likiwa limelimwa, sheria iko upande wako. Mkulima anaruhusiwa kulima njia inayokatiza shamba, lakini kwa kawaida lazima airudishe ndani ya siku 14, yenye upana usiopungua mita 1. Njia ya ukingoni haruhusiwi kuilima kabisa. Ukikuta ngano imefunika mstari, una haki ya kupita ndani yake. Piteni mmoja nyuma ya mwingine. Kuzunguka ukingoni kunaonekana ni adabu, lakini huko huenda huna haki ya kupita. Njia iliyozibwa iripotiwe kwa baraza la kaunti, pamoja na namba za gridi za mahali penyewe, zile zinazosomwa kwenye mistari ya miraba ya ramani.

Mageti yaache kama ulivyoyakuta: lililo wazi libaki wazi, lililofungwa lifungwe. Mkulima anaweza kuwa ameliacha wazi ili kondoo wafike kwenye maji. Utakutana pia na kigeti kinachobembea ndani ya uzio wa nusu duara. Kinapitisha mtu mmoja mmoja: ingia hadi pembeni, kisukume nyuma yako, kisha toka. Mkoba mkubwa uvue kwanza.

Ng'ombe ni wa kuheshimiwa kuliko mbwa yeyote wa getini. Mitamba na maksai wachanga hukujia mbio kwa udadisi tu. Wageukie, tanua mikono, songa polepole bila kukimbia. Hatari ya kweli ni mama mwenye ndama anapoona mbwa. Usipite kati yao, wazunguke kwa mbali, na ng'ombe akikushambulia mwachilie mbwa wako, kwa sababu anayemtaka ni mbwa, naye atakimbia kukushinda. Fahali wa aina za maziwa waliozidi miezi 10 hawaruhusiwi kuwekwa penye njia ya umma; wa aina za nyama wanaruhusiwa wakiwa pamoja na majike. Majira ya kondoo kuzaa, mbwa afungwe kamba fupi.

Vaa suruali ndefu hata wakati wa joto. Washawasha hufika kiunoni mwezi Julai, na kupe wamo kwenye nyasi ndefu. Jikague miguu na nyuma ya magoti jioni hiyohiyo.

Kurudi kwa vijiji

Kutoka Naunton, kijiji kilichojipanga kando ya Windrush, Wardens' Way inarudi mashariki hadi Upper Slaughter. Jina hilo halina uhusiano na kuchinja. Kwa kawaida huelezwa kwamba latokana na neno la Kiingereza cha kale la mahali pa matope. Matope yapo kweli, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, na buti zinazofika juu ya kifundo si anasa. Beba soksi za pili ndani ya mfuko wa plastiki.

Upper Slaughter usiipite mbio. Ni miongoni mwa vijiji vichache vya Uingereza ambavyo watu wao wote waliokwenda Vita vya Kwanza vya Dunia walirudi hai, na hata Vita vya Pili waliondoka wakarudi. Ndiyo maana hutaona mnara wa majina ya waliokufa, ambao karibu kila kijiji kingine kinao.

Kutoka hapo hadi Lower Slaughter ni kama kilomita moja na nusu, na mto Eye unatiririka kuelekea unakokwenda wewe. Utajua umefika ukiona kinu cha zamani chenye bomba la moshi la matofali mekundu. Majengo mengine karibu yote ni ya mawe ya rangi ya asali. Kutoka kinuni fuata mto hadi mwisho wa kijiji, kisha shika njia ya Bourton. Imetandikwa vizuri, na pikiniki na watoto huijaza siku za jua, kwa hiyo utavuka tena A429 ukiwa katika kundi la watu waliochoka. Usivuke kwa kuwa wa mbele amevuka.

Bourton haina stesheni ya treni. Mojawapo ya zilizo karibu ni ya mji wa Moreton-in-Marsh, kwenye reli ya London Paddington, na basi namba 801 huunganisha mji huo na Bourton. Ratiba ya Jumapili huwa nyembamba kuliko ya siku za kazi, hivyo andika saa ya basi la mwisho nyuma ya ramani kabla ya kuondoka asubuhi. Simu isitegemewe kwa hilo, maana mabondeni mtandao hukatika.