Jinsi ya kuwaandikisha wazee na wenye ulemavu kijijini kwako mpaka wapige kura (kwa tulioko Dodoma)

Mi na wenzangu tunazunguka vijiji vya Bahi na Chamwino kuhamasisha wazee na watu wenye ulemavu wajiandikishe, na kila msimu maswali ni yale yale, kwa hiyo naweka hapa namna tunavyofanya, we rekebisha kulingana na kwenu kulivyo.

Hatua ya 1: Jua ni daftari gani

Hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Kuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, hilo la mashine za BVR (za kuandikisha kwa picha na alama za vidole), unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole, unapewa kadi, na ni la rais, mbunge na diwani. Afu kuna orodha ya serikali za mitaa inayosimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa), hiyo haina kadi, unaandikwa tu kwenye kitongoji au mtaa unaoishi ili umchague mwenyekiti na wajumbe. Mwaka 2024 mambo yote mawili yalikaribiana, Tume ilianza kuboresha daftari lake Kigoma tarehe 20 Julai ikawa inazunguka mikoani, huku orodha ya mitaa ikaandikishwa 11 hadi 20 Oktoba, basi unamkuta bibi anafungua fundo la khanga anakutolea kadi, "mjukuu wangu mi si nishajiandikisha, hii hapa", kumbe orodha ya kitongoji hayumo. Uchaguzi wa mitaa ni kila miaka 5, ujao ni 2029, so anza kuwaeleza mapema.

Hatua ya 2: Pita nyumba kwa nyumba kabla mashine hazijafika

Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, watu wanamjua. Usiulize "humu kuna mlemavu?" maana utajibiwa hapana hata kama yupo chumba cha nyuma. Uliza "nani humu hatoki peke yake?" hapo utatajiwa babu asiyeona, dada wa kutambaa, kijana kiziwi ambaye nyumbani bado wanamuona mtoto wakati ana miaka 19. Na anayetimiza 18 kufikia siku ya uchaguzi anaruhusiwa kujiandikisha, mwandike naye.

Hatua ya 3: Siku ya kuandikishwa

Wazee, wagonjwa, wajawazito, wenye watoto wachanga na wenye ulemavu hawapangi foleni, wanapewa kipaumbele, ila lazima mtu aseme, usimwache babu amekaa juani chini ya mti anasubiri kuitwa. Mkono uliolima miaka 50 mashine inausoma kwa shida, vidole vimelika, kwa hiyo sisi tunabeba maji na kitambaa safi, ananawa, anafuta, anakausha ndo anaweka kidole, bila haraka. Asiye na vidole naye aende, hiyo sio sababu ya kubaki nyumbani. Aliyehama au kupoteza kadi aseme hivyo hivyo, arekebishiwe taarifa zake, asijiandikishe upya kama mgeni maana kujiandikisha mara mbili ni kosa kisheria.

Hatua ya 4: Msaidizi wa siku ya kupiga kura (hapa tulia kidogo)

Kuna kifaa cha nukta nundu (maandishi ya wasioona, ya kupapasa kwa vidole), ni kama jalada, karatasi ya kura inaingia ndani, asiyeona anapapasa na kuweka alama mwenyewe bila mtu kumjua kachagua nani. Kizuri sana kwa aliyesoma nukta nundu shuleni. Ila huku kwetu wazee wengi macho yameharibiwa na trakoma, vile vikope, wamepofuka utu uzima na nukta hawajawahi kuzigusa, wao watahitaji mtu. Sheria inampa mpiga kura haki ya kuja na mtu anayemwamini amsaidie, na huyo hawezi kuwa msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Shida inaanza pale anapofika hana mtu, kila mmoja pale kituoni anajitolea kumsaidia, na wewe hujui nani anasukumwa na nini!

Kwa hiyo wiki moja kabla, kaa na babu pembeni, wewe na yeye tu, muulize anataka nani amshike mkono. Usimuulize mbele ya mwanae mkubwa, atamtaja huyo huyo kwa heshima tu. Tushawahi kusikia "mlete mjukuu wangu wa kike, huyu baba yake ana chama chake", na familia ikanuna, inune tu. Afu wafanyishe mazoezi na karatasi ya daftari la shule, chora viboksi, babu ataje, mjukuu aweke alama ya V, na amsomee tena alichoweka. Uchaguzi mkuu karatasi ni tatu, zote zisomwe.

Hatua ya 5: Kituo na usafiri

Vituo vingi ni madarasa, na madarasa yana ngazi. Kagua mapema na mtendaji, mwombeni kituo cha mwenye kiti cha magurudumu kihamie darasa la chini au uwanjani, na uliza kama kituturi (kile kijisehemu cha kupigia kura kwa siri) cha wenye ulemavu kipo. Bajaji kwenye mchanga wa korongo inazama, bora guta au mkokoteni wa ng'ombe. 2025 vituo vilifunguliwa saa 1:00 asubuhi hadi 10:00 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni ikifika saa 10:00 bado anapiga, kwa hiyo dereva asiondoke mpaka wa mwisho atoke na wino kidoleni.