Kuzalisha diskasi kwenye tangi lenye mimea

Wanaokuja kuangalia matangi yangu hapa Dar es Salaam huniuliza nawalisha nini diskasi, samaki wa mapambo wenye umbo bapa la duara, mpaka wakazaa. Mimi huwauliza: sponji ya chujio lako ina rangi gani? Wengine hudhani nakwepa swali. Sikwepi, jibu liko hatua ya 5, ila usirukie huko kabla hujaweka maji sawa.

Hatua ya 1: Pata jozi

Usinunue dume na jike wa kuambiwa. Kwa macho hawatofautishiki, na anayekuuzia mara nyingi anabahatisha kama wewe. Nunua wadogo sita, wakue pamoja. Wakikaribia mwaka mmoja hivi utaona wawili wamejitenga pembeni, wanafukuza wenzao, wanainamiana vichwa, miili inatetemeka, kisha wanaanza kudonoa jani moja kama wanalipangusa. Hao ndio jozi yako. Wahamishe.

Jinsia utaijua karibu na kutaga, kwenye kimrija kinachochomoza chini ya tumbo: cha dume ni chembamba chenye ncha, cha jike kipana na butu. Angalia vizuri, maana majike wawili wanaweza kutaga pamoja kama mke na mume, na wewe ukashangaa mwezi mzima kwa nini mayai yote yanageuka meupe.

Hatua ya 2: Tangi na mimea

Langu ni la sentimita 60 kwa 50 kwa 50, yaani lita 150. Halina changarawe wala udongo chini. Mimea yote iko ndani ya vyungu vya udongo au imefungwa kwa uzi kwenye kigogo. Wapenda bustani za majini hawapendi hilo, lakini kwenye changarawe mabaki ya chakula yanajificha na kuoza, na vifaranga hawavumilii maji machafu. Chungu unakiinua, unanyonya uchafu kwa mpira, unakirudisha.

Chagua mimea inayostahimili nyuzijoto 29 hadi 30, maana mingi inayouzwa kwa urembo huoza kwenye joto hilo. Ekinodorasi yenye majani mapana inafaa sana. Kwao ni Amerika Kusini kama diskasi wenyewe, na jani lake lililosimama ndipo wanapopenda kutaga. Anubia nayo ni ngumu, haifi ovyo. Usipulize humo kaboni dioksidi ya kukuzia mimea. Chungu kimoja kitupu kipindue mdomo chini, huenda wakakipenda kuliko majani.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo watu wa pwani tunapokwama. Diskasi ni wa bonde la Amazon, kwenye mito kama Rio Negro, ambako maji ni laini mno, yana asidi, na ni ya kahawia kwa majani yaliyoozea ndani. Visima vyetu vingi vina maji magumu, vingine vya chumvi kabisa. Samaki mkubwa anaweza kuyazoea na akanenepa vizuri. Mayai ndiyo hayawezi: maji yakiwa magumu, mengi hayatungishwi.

Dawa yangu ni mvua ya masika. Acha inyeshe kama nusu saa ioshe bati, ndipo ukinge kwenye pipa safi na ulifunike. Kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kikisoma 10 au 20, hayo ni maji safi mno, usiyatumie peke yake kwani pH yake (kiwango cha asidi) inayumba kwa kitu kidogo. Changanya na ya bomba uliyoyapulizia hewa siku nzima ili klorini iishe, mpaka kisome kati ya 80 na 100. Kisha okota majani makavu ya mkungu yaliyoanguka yenyewe, mbali na barabara, yaoshe, tumbukiza matatu au manne. Siku ya pili maji yatakuwa na rangi ya chai ya rangi. Lenga pH ya 6 hadi 6.5.

Jozi ikizubaa, badilisha theluthi ya maji jioni kwa maji ya mvua yenye ubaridi kidogo, nyuzi mbili tu chini. Mara nyingi wanataga ndani ya siku chache. Mwezi wa sita hadi wa nane utahitaji hita hata hapa Dar.

Hatua ya 4: Mayai

Hutaga jioni, safu kwa safu: jike anapita, dume anafuata. Washa taa hafifu usiku kucha ili wayaone mayai yao. Yaliyogeuka meupe kesho yake hayakutungishwa. Keshokutwa mazima yatakuwa na vidoa vyeusi, na baada ya takriban saa 60 yataanguliwa. Usimwage methilini bluu, dawa ya kuzuia ukungu wa mayai, humo; itakudhuru mimea.

Mara mbili tatu za mwanzo watayala. Waache, wanajifunza. Wakiendelea, zungushia chungu wavu wa plastiki ulioachana nacho kidogo, wapepee mayai bila kuyafikia.

Hatua ya 5: Vifaranga wakianza kuogelea

Siku ya tano hivi tangu kutagwa wanaachia jani, na chakula chao cha kwanza ni ute wa ngozi ya wazazi. Wasipoufikia wanakufa. Wanawatafutaje? Wanafuata kitu cheusi, kwa sababu mzazi anayelea huwa anageuka rangi na kukoza.

Uzao wangu wa kwanza wa kuhesabika ulikuwa wa jozi ya rangi ya machungwa, aina ambayo haikozi. Chujio langu lilikuwa la sponji nyeusi. Asubuhi nikakuta vifaranga wote wameganda kwenye sponji, wanaidonoa kwa bidii, na wazazi wanazunguka mita nusu tu pembeni. Siku ya tatu hakuna aliyebaki. Tangu hapo sponji yangu ni ya rangi hafifu, kigogo cheusi nakitoa, vyungu vya mimea nabakisha viwili tu pembeni, na maji nayapunguza hadi kina cha sentimita 25 ili safari iwe fupi. Jozi yenye rangi ya kukoza itakurahisishia zaidi.

Pampu ya hewa iwe na ya akiba inayotumia betri. Umeme ukikatika usiku, tangi la joto hili huishiwa hewa upesi.

Hatua ya 6: Artemia, kisha kutenganisha

Baada ya siku nne au tano za ute, anza artemia, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba, waliototolewa siku hiyohiyo. Maji ya bahari safi yanatosha kuwatotolea: tia mayai yao kwenye chupa, puliza hewa kwa nguvu, baada ya saa 24 wachuje na uwasuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Matumbo ya vifaranga yakiwa ya chungwa, wamekula. Kila jioni nyonya uchafu na ubadilishe asilimia 10 hadi 20 ya maji.

Wiki ya tatu au ya nne wazazi wataanza kuwakimbia watoto, na ngozi zao zitaonekana zimechakaa kwa kudonolewa. Hamishia vifaranga tangi tupu, na kuanzia hapo zoesha maji ya bomba taratibu, ya mvua yabaki kwa uzao unaofuata.