Mfanyakazi kapotea kazini bila taarifa? Fanya haya kabla hujamwandikia barua ya kumfukuza

Jumatatu hajafika, unapiga simu haipokelewi, mchana haipatikani kabisa, Jumanne hivyo hivyo, ikifika Jumatano bosi kashapandwa na hasira anasema huyo kajifukuzisha mwenyewe, tafuta mwingine. Wenye maduka, hoteli na viwanda vidogo wengi wanaumia hapo hapo, maana kwa sheria zetu hapa Tanzania ukimya wa mtu peke yake haujamaliza ajira yake, ukimwondoa umemwachisha kazi wewe na ikifika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) wewe ndo utatakiwa kuonyesha kwamba sababu ilikuwepo na utaratibu ulifuatwa.

Siku ya kwanza na ya pili mtafute, barua bado. Piga simu, tuma meseji ya kawaida na ya WhatsApp, uliza wenzake wa shifti, piga kwa ndugu au mdhamini aliyemwandika wakati anaajiriwa, na kama hukuwahi kuchukua hizo namba basi anza leo kwa wote waliobaki. Meseji iwe ya kiutu tu: "Habari, leo hujafika kazini na hatuna taarifa yako, uko salama? Tujulishe kabla ya saa kumi jioni." Usitishie jamani. Mtu anaweza kuwa kagongwa na bodaboda kalazwa, kafiwa kaenda kijijini ambako mtandao hakuna, au yuko mahabusu na simu wamemshikia. Kama ni ugonjwa na ana cheti cha daktari sheria inampa hadi siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, kwa hiyo ukikimbilia kumwita mtoro unaweza kujikuta umemfukuza mgonjwa.

Kila unachofanya kiandike. Tarehe, saa, namba uliyopiga, nani kapokea na kasema nini, skrinshoti za meseji, na rejesta ya mahudhurio inayoonyesha ile nafasi yake haina sahihi. Maneno ya "tulimtafuta sana" bila karatasi hayatakusaidia.

Akiendelea kuwa kimya mwandikie barua ya kumtaka arudi kazini na ajieleze kwa maandishi, taja tarehe alizokosekana moja moja na mpe siku ya mwisho ya kujibu. Ipeleke anapoishi, asipokuwepo pitia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akuandikie kwamba kaipokea, nakala nyingine tuma posta utunze risiti, na ipige picha umtumie kwenye simu. Kuna kosa naliona sana hapa, watu wanahesabu vibaya. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataja kukosekana zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au sababu ya kukubalika kama kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi, ni siku za kazi hizo, kama Jumapili hamfungui usiihesabu. Alikosekana siku mbili? Hapo ni onyo la maandishi, sio kufukuza.

Akirudi katikati ya haya yote usimfukuzie getini, hata kama umeshapata mtu wa muda. Mkalishe, msikilize, omba karatasi ya hospitali au uthibitisho wa msiba, na kama una shaka na cheti waulize hospitali yenyewe.

Sababu ikiwa haina mashiko, au hajaonekana kabisa, ndo kikao cha nidhamu. Mpe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, mwambie anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi, na anayeongoza kikao asiwe yule yule anayemtuhumu (hapa wenye biashara ndogo wanapata shida kweli, ila ni bora umwombe mtu mzima wa nje anayeaminika kuliko kuwa mshtaki na hakimu). Akikataa kuja bila sababu ya maana na una ushahidi kwamba barua ilimfikia, kikao kinaweza kuendelea bila yeye. Kabla ya kuamua angalieni pia kakaa kazini muda gani na kama alishawahi kupewa onyo.

Uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, na ana siku 30 za kwenda CMA. Siku ambazo hakufanya kazi hazina mshahara, lakini zile alizofanya kabla hajapotea ni jasho lake, mlipe hizo na likizo anayodai, na cheti cha utumishi mwandalie. Kama bado haonekani weka hela kwenye akaunti au namba ile ile aliyokuwa anapokelea mshahara, risiti ikae kwenye faili lake.