Kupima ufanisi wa halmashauri: anza na zahanati mbili

Vikaoni utasikia halmashauri ikisifiwa kwa kutumia bajeti karibu yote. Hiyo ni kasi ya kutumia fedha. Ufanisi ni huduma aliyoipata mwananchi kwa fedha hiyo, na unaweza kuupima kwa daftari na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1. Chagua huduma iliyo chini ya halmashauri, kama zahanati. Barabara za vijijini ni za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, maji vijijini ni RUWASA (wakala wa maji vijijini). Usimbebeshe mkurugenzi mzigo usio wake.

Hatua ya 2. Linganisha wanaolingana. Tandahimba na Newala, zote za uwanda wa Makonde, sawa. Liwale, yenye vijiji vilivyotawanyika, na Manispaa ya Mtwara-Mikindani? Hapana.

Hatua ya 3. Chukua mwaka mzima wa fedha, Julai hadi Juni. Huku kwetu robo moja hudanganya: minada ya korosho ikianza Oktoba, ushuru unaingia na kila halmashauri inaonekana hodari.

Hatua ya 4. Piga hesabu. Tuseme zahanati A imetumia milioni 40 bila mishahara, ikahudumia mahudhurio 8,000: sh 5,000 kwa hudhurio. B imetumia milioni 30 kwa mahudhurio 4,000: sh 7,500. A ndiyo kipimo; ufanisi wa B ni 5,000 kugawa kwa 7,500, yaani asilimia 67.

Wengi huishia hapo, na B inasemwa vibaya. Rudi kwenye rejesta ya wagonjwa wa nje (kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya) na leja ya dawa, uhesabu walioondoka na dawa zote walizoandikiwa. Aliyeambiwa "kanunue duka la dawa" kahudhuria tu. Tuseme A ni 5,000 na B ni 3,600. Sasa A ni sh 8,000, B ni kama sh 8,330. Ufanisi wa B umefika asilimia 96, na swali limehamia A: dawa zinakwama wapi?

Hatua ya 5. Kabla ya kuandika lolote, muulize mganga mfawidhi na kamati ya kituo. Huenda dawa ziliagizwa kwa wakati zikachelewa kufika. Hilo si kosa la zahanati. Kisha mpe diwani ukurasa mmoja, wiki moja kabla ya baraza. Ukimpa asubuhi ya kikao, hausomwi.