Kuandika kando ya mchoro: kwa wanafunzi wa sanaa na usanifu majengo

Mwaka wangu wa pili kazini nilichora chumba cha kusomea watoto. Katika mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, ukingo wa chini wa dirisha ulikuwa milimita 700 kutoka sakafuni. Pembeni nikaandika: "Madirisha yainuliwe kidogo kwa ajili ya faragha." Mawazo yangu yalikuwa kwenye madirisha ya vyoo vilivyo nyuma ya chumba hicho, ila sikuviandika vyoo. Fundi alisoma sentensi akaifuata. Nilipofika, kuta zilikuwa zimepanda na ukingo wa madirisha yote uko milimita 1,400. Mtoto aliyeketi aliona anga peke yake. Ilibidi tubomoe chini ya madirisha manne, na tangu siku hiyo neno "kidogo" halijaingia tena kwenye karatasi yangu yoyote inayokwenda kwa fundi.

Nawafundisha wanafunzi sasa, na nikisoma maelezo ya kazi zao naona tatizo lile lile likiwa limevaa nguo nzuri zaidi. Mchoro husema umbo, ukubwa na mpangilio kuliko sentensi yoyote, kwa hiyo usiandike "jengo lina umbo la mstatili" wakati mstatili uko mbele ya macho yetu. Andika kile ambacho mchoro hauwezi kukisema: kwa nini umeweka mlango pale, ni wazo gani ulilikataa na kwa sababu gani, nani anakuja asubuhi kufungua, kelele za barabarani zinaishia wapi.

Maelezo ya mradi ndiyo yanayowashinda wengi, basi tukae hapo. Chukua shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, aliyoisanifu Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001. Mtu anaweza kuandika: "Jengo hili la kipekee linazungumza na mazingira yake kwa namna ya kisasa." Sentensi hiyo ingeifaa benki, ingeifaa hoteli, ingekifaa hata kituo cha mabasi, na kwa sababu hiyo haiifai shule hii. Sasa soma hii:

"Kero ya madarasa ya eneo hili ilikuwa joto na giza. Kuta zimejengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, ambayo huchelewa kupitisha joto. Paa la bati limeinuliwa juu ya dari kwa fremu ya vyuma, hivyo hewa ya moto hupanda, hupenya darini na kuondoka na upepo unaopita kati ya dari na paa."

Hakuna sifa hata moja hapo, lakini msomaji anaondoka na heshima kwa jengo. Anza na kero, kwa sentensi moja. Kisha sema ulichofanya, kisha kinachotokea kwa sababu ya ulichofanya. Ukimaliza, badilisha jina la jengo katika kila sentensi uweke la jengo jingine. Sentensi inayoendelea kuwa kweli, ifute.

Tazama pia vitenzi: kuchelewa, kuinuliwa, kupanda, kupenya. Kiswahili kimetupa utajiri ambao wasanifu wachache wanautumia. Ukuta unaoegemea na ukuta ulioegemezwa ni kuta mbili tofauti. Mwanga ukipenya, umepata upenyo wake wenyewe. Ukipenyezwa, kuna mtu aliyekaa akaamua upite wapi. Kimoja kinatundikwa, kingine kinaning'inia, kingine kimebenuka, viwili vinapishana. Kabla ya kutafuta sifa kama "maridadi", jiulize kitu hicho kinafanya nini, na mara nyingi kitenzi kitakutosha.

Kwa wachoraji na wachongaji, maelezo ya msanii huharibika kwa kuanza na maana. Anza na kitu na mkono. Mbele ya kazi za El Anatsui, mchongaji kutoka Ghana, zilizotandazwa ukutani kama nguo, swali la kwanza la mtazamaji ni: hiki ni nini? Jibu ni vifuniko vya chupa za pombe, vilivyobonyezwa, vikakunjwa na kuunganishwa kwa waya wa shaba. Ukishajua hivyo, historia ya pombe kama bidhaa ya biashara kati ya Ulaya na Afrika inakujia bila kusukumwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa uchongaji aliniletea ukurasa mzima kuhusu "kumbukumbu, kupotea na utambulisho". Nikamuuliza mbao amezipata wapi. Akajibu kwamba ni fremu ya kitanda cha bibi yake, na kwamba mashimo ya misumari ameyaacha makusudi. Jibu lile ndilo likawa aya yake ya kwanza, na theluthi mbili za ukurasa ule zikaondoka zenyewe. Maelezo ya aina hii yasizidi maneno 200 isipokuwa umeombwa zaidi.

Maandishi ya chini ya picha: jina lako, jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo. Vipimo huanza na kimo, kisha upana, kisha kina. Kama kazi ilifanywa na kundi, taja sehemu yako waziwazi: "Nilichora mikato na kutengeneza modeli" ina uzito kuliko "tulibuni", na anayekuhoji kazini atakuuliza hilo hata hivyo.

Karatasi ya maelekezo kwa mkandarasi ina sheria iliyo kinyume na ya insha. Kwenye insha ulifundishwa usirudierudie neno. Huku rudia. Ukiiita "nguzo" ukurasa wa kwanza, usiiite "mhimili" ukurasa wa nne, maana mjenzi atatafuta vitu viwili. Kila agizo libebe nani, nini, wapi na namba. Sentensi yangu ya madirisha ilipaswa kuwa: "Madirisha ya vyoo tu: ukingo wa chini uwe milimita 1,400 kutoka sakafu iliyomalizika. Madirisha ya chumba cha kusomea yabaki milimita 700." Ndefu, kavu, na hakuna ukuta ambao ungebomolewa.

Barua pepe sitaisema sana. Kichwa cha ujumbe kitaje mradi na jambo lenyewe, ujumbe mmoja ubebe jambo moja, na swali liwe la kujibika. "Unaonaje?" humchosha mteja, "Tuchague mlango wa mbao au wa chuma, kabla ya Ijumaa?" humsaidia. Baada ya kikao, siku hiyo hiyo, waandikie wote mliyokubaliana: nani atafanya nini, lini. Kumbukumbu ya mtu hugeuka haraka, hata ya mtu mwaminifu.

Kabla ya kutuma chochote, nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote. Chukua maandishi yako, ondoa michoro na picha zote, mpe mwenzako ambaye hajauona mradi, pamoja na penseli na karatasi tupu. Mwombe achore anachosoma. Kaa kimya, usimweleze kitu. Atakapoweka mlango upande usio wake, au kuacha penseli hewani akikutazama, weka alama kwenye sentensi aliyokuwa akiisoma. Ukishamaliza kurekebisha, tafuta mtu mwingine, kwa sababu huyo wa kwanza tayari anaujua mradi.