SOMO: Koneksheni za kazi kwenye tamasha, hatua kwa hatua

Wakuu, habari zenu. Kila Februari vijana wa muziki, picha na video hupanda boti kwenda Unguja kwenye Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, wakitafuta "mtu mkubwa" atakayewatoa. Kwa maoni yangu, huko siko kazi zinakotoka. Meneja aliyetoka Ulaya kila mtu anamkimbilia. Atakayekupigia simu mwezi wa sita ni fundi sauti, mpiga besi wa bendi nyingine, au dada wa uratibu anayehangaika kwa sababu mtu wake kamwangusha.

Hatua ya 1. Soma ratiba kabla hujavuka. Chagua watu wachache unaofanana nao kikazi, sikiliza kazi zao. Bila hivyo maongezi yanafia kwenye "mambo", "poa".

Hatua ya 2. Fika mchana. Usiku ndani ya Ngome Kongwe, tamasha linakofanyika, muziki umepamba moto, hamsikilizani. Mchana kuna saundi cheki, na huwa kuna vikao vya wadau wa sanaa kukutana. Jioni vuka barabara tu uko Forodhani, kwenye bustani ya vyakula. Mtu aliyeshika bakuli la urojo haendi popote kwa dakika kumi.

Hatua ya 3. Anza na kazi yake. Hapa ndipo wengi huharibu. Ile ya "mimi msanii chipukizi, naomba sapoti" ameisikia tangu asubuhi. Tuseme jana kulipigwa kidumbak, ule muziki wa Zanzibar ambao besi yake ni sanduku la waya. Mwambie fundi: "Kaka, jana lile sanduku lilisikika mpaka nyuma kabisa, na huwa linamezwa na ngoma. Maikrofoni mliitega wapi?" Ataweka kijiko chini akueleze. Kisha atakuuliza, "Na wewe unafanya nini?" Jibu kwa sentensi moja, umwonyeshe kitu kimoja kwenye simu, kisichozidi dakika. Kwa mzee wa taarab, shikamoo kwanza, na simu ibaki mfukoni mpaka aiulizie mwenyewe.

Hatua ya 4. Namba isevu kwa jina na jambo: "Fundi, sanduku, Ijumaa". "Juma Zenji" utakuwa nao watano.

Hatua ya 5. Mwandikie ndani ya siku tatu, ukiwa na kitu cha kumpa: picha uliyompiga akiwa kwenye mitambo, au namba ya mtu aliyekuwa akimtafuta. Ombi lisubiri.

Watu wa filamu, ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ipo tangu 1998 na hatua ni hizi hizi, ila maongezi yao huanza filamu ikiisha. Usikimbilie getini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sina hela ya tiketi. Nibaki Dar?
Kuna maandamano ya ufunguzi mitaani, hayana kiingilio. Pia ulizia mapema nafasi za kujitolea. Anayebeba nyaya anajuana na watu kuliko aliyekaa mbele. Na Dar kwenyewe kuna Nafasi Art Space, kituo cha sanaa, Mikocheni. Humo unakutana na wasanii bila kupanda boti.

Nikimpa mtu demo si ataiba?
Sajili kwanza kwenye ofisi ya hakimiliki: bara ni COSOTA, visiwani COSOZA. Halafu tuma kipande, si wimbo mzima.

Mimi ni binti. Prodyuza kaniambia tukaongelee kazi hotelini kwake saa tano usiku.
Dada, mjibu: "Kesho saa nne asubuhi, mgahawani, nitakuja na mwenzangu." Mwenye kazi atakuja. Asipokuja, hakuna kazi uliyokosa.

Alisema "tuma kazi zako", nimetuma, tiki za bluu, kimya. Nimkumbushe?
Mara moja, baada ya wiki mbili, na uwe na kazi mpya ya kumwonyesha. Akinyamaza tena mwache, ila usimfute. Tamasha lijalo msalimie kama kawaida, usiiguse ile meseji.