Kipupwe cha Moshi kisikulaze

Juni hadi Agosti mlima unajifungia kwenye wingu, na mimi, fundi cherehani wa Kiborloni, naanza kununa bila sababu. Dawa yangu ni hii: saa moja asubuhi, vaa sweta, toka utembee nusu saa kabla ya kugusa kazi. Hata kukiwa na wingu zito, nje kuna mwanga kuliko taa ya dukani, na huo ndio unaouambia mwili kumekucha. Cherehani isogeze dirishani. Chai ya tangawizi ruksa, ila usiku punguza majani, utakesha. Huzuni ikizidi wiki mbili, nenda hospitali. Na blanketi mchana, hapana! Julai nilijifunika “dakika tano” tu. Gauni likachelewa, bibi harusi akanijia na shangazi zake watatu.